Kipande cha Saba cha Mchuchumio

"Shangazi, kama umekasirika hivyo, mbona unalitengeneza vizuri hivyo?"

Aliyeuliza alikuwa msichana wa miaka tisa, mtoto wa mdogo wake huyo shangazi, ambaye nyumbani walimwita Bi Kwanini kwa sababu hakuna jambo lililompita hivihivi. Aliyeulizwa alikuwa amelala chali chini ya pikapu kuukuu, inaonekana miguu tu, viatu vimekolea grisi, na kila baada ya muda sauti yake ilitoka kule mvunguni kama ya mtu anayegombana na mdeni asiyeonekana. Swali lilipomfikia, spana ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Jibu halikutoka. Kilichotoka ni mkono mweusi kwa mafuta, ukapapasa sakafu kutafuta nyundo, na maneno haya: "Sogea huko, utachafua gauni, halafu mama yako anilaumu mimi."

Swali lile lilikaa miaka saba bila jibu.

Mtaani walimwita Fundi Springi, na wageni waliomtafuta walikuwa na tabia ya kumpita. Waliingia uani, wakamwona mama wa makamo ndani ya ovaroli ya buluu, kilemba kichwani, kipande cha chaki sikioni, wakamsalimia kwa adabu, halafu wakamuuliza, "Samahani mama, fundi yupo?" Yeye aliangalia nyuma yake, akaangalia kushoto na kulia, wakati mwingine akainama kabisa akachungulia chini ya meza, ndipo akasema, "Alikuwa hapa sasa hivi. Hebu semeni shida yenu, akirudi nimwambie." Walipomaliza kueleza, alichukua nyundo. Kuna waliohitaji nusu saa nzima kuelewa kwamba fundi hatarudi kwa sababu hajaondoka.

Uwanja wake ulikuwa nyuma ya safu ya maduka, geti la mabati, mlango ukitazamana na mgongo wa kinyozi. Kulikuwa na fuawe kubwa juu ya gogo, jiko la mkaa linalopulizwa na feni kuukuu, pipa la mafuta machafu ya injini, na ukuta mzima wa misumari iliyotundikwa springi. Hizi si springi za kujiviringisha kama za kitanda. Springi za magari ya mizigo ni vipande vya chuma bapa vilivyopindwa kama upinde. Vinapangwa kimoja juu ya kingine, kirefu mpaka kifupi, vikabanwa katikati, vikabeba gari na kilichomo. Fundi Springi alivifua kwa mkono. Alikiingiza chuma motoni mpaka kikawa na rangi ya chungwa bivu, akakipinda, akakizamisha kwenye pipa la mafuta huku kikipiga kelele, kisha akakipasha tena polepole. Kikishapoa alikiinua mpaka usawa wa goti na kukiachia juu ya fuawe. Kipande kizima kinasema *ngaaa*, sauti inatambaa mpaka kwa kinyozi. Kipande chenye ufa, hata ufa wa unywele usioonekana kwa macho, kinasema *kwap*, basi.

Alichokiridhia alikigonga upande wa ndani kwa patasi ndogo yenye ncha: vitobo vitatu vilivyokaa pamoja kama macho ya nazi. Upande wa ndani haumwoneshi mtu chochote mpaka springi ifunguliwe. Ndivyo alivyotaka, au ndivyo alivyozoea.

Sasa ile pikapu. Ilikuwa ya baba yake, ya kijani kama chupa, na mzee aliitumia kubebea vyuma chakavu. Kila alipoona inakaa kitako kwa mzigo, alifua kipande kingine cha springi akakiongeza. Akaongeza, akaongeza, mpaka gari likiwa tupu lilisimama mkia juu, pua chini, kama mwanamke aliyevaa viatu virefu kwa mara ya kwanza anayeogopa kupiga hatua. Watu wakaliita Mchuchumio. Ukilisikia linakuja, unajua kuna kitu kizito kimeshindikana mahali.

Vipande sita vya kwanza vilikuwa kazi ya mzee, hilo hakuna aliyebisha. Cha saba kina habari yake.

Mwaka ambao binti yake alikuwa na miaka kumi na minane, mzee alilala homa wiki nzima. Gari limekaa kitako uani, mwenye mzigo anakuja asubuhi na jioni kulalamika. Binti akawasha jiko mwenyewe. Akafua kipande cha saba, cha kulia na cha kushoto, akakosea mara mbili, akarudia, na kwa kuwa patasi ilikuwa imefungiwa chumbani kwa mgonjwa, akachukua msumari, vyuma vikiwa bado vyekundu, akatoboa vitobo vitatu upande wa ndani ili asije akavichanganya na vingine. Mzee alipopata nafuu alitoka na shuka mabegani, akakiinua kimoja, akakiachia. *Ngaaa.* Akainamisha kichwa. Akakigeuza, akaviona vile vitobo, asiulize. Akakiachia tena. *Ngaaa.*

"Kifunge," akasema.

Hiyo ndiyo sifa yote aliyopewa, na angeweza kuishi nayo. Ila kesho yake alimsikia mzee akimwambia mwenye mzigo, "Hicho cha mwisho nimekifua na homa yangu hivihivi." Mwenye mzigo akatikisa kichwa kwa mshangao. Na juu ya paa la pikapu alikuwa amekaa mdogo wake wa kiume, miaka kumi na miwili, anatafuna muwa; akalisikia neno lile, akalimeza pamoja na utamu wa muwa, na kuanzia siku ile kwake likawa ndio ukweli.

Huyo mdogo ndiye Bosi. Aliitwa Bosi tangu utotoni kwa sababu hakuwahi kubeba kitu. Ukimtuma ndoo, anakuelekeza wewe namna ya kuibeba.

Mzee alipofariki, wakubwa wa ukoo walikaa kwenye viti vya kuazima wakagawa vilivyobaki. Pikapu ikapewa Bosi, "ili jina la mzee lisipotee." Dada akapewa fuawe, kwa kuwa wanaume wanne walikuwa wamejaribu kuliinua asubuhi ile wakakata tamaa.

"Kwani mimi jina langu la pili ni la nani?" akauliza.

"Binti," akajibu baba mdogo, "usitie maneno msibani."

Akanyamaza. Lakini kuna kunyamaza kwa mtu aliyekubali na kuna kunyamaza kwa mtu aliyeweka akiba. Bosi alikuwa anaishi ghorofa ya tatu, hana hata pa kuegesha baiskeli, kwa hiyo gari lilibaki palepale. Likawa gari la Bosi, chini ya bati la dada, kwa grisi ya dada na mgongo wa dada. Kila Jumapili aliliwasha, akalisikiliza, akalizima. Miaka kumi na moja.

Ndipo Bosi akajiunga na chama cha wapenda magari ya zamani. Huko, jamani, kulikuwa na mtindo: gari zuri ni lililolala. Liwe chini, tumbo karibu liguse lami, tairi zijifiche nusu ndani ya bodi. Eti likipita linateleza kama nyoka. Na wote waliokuwa na magari yaliyolala walimwangalia Bosi, mwenye gari linalosimama kwa ncha za vidole.

Jumatano moja akamtumia dada yake ujumbe: *Dada, lishushe gari kabla ya Jumamosi. Nakuja na wageni kuliona.*

Wiki ile Mchuchumio alikuwa juu ya vigogo vinne, magurudumu yametolewa, anatiwa grisi. Dada akausoma ujumbe mara mbili. Akafurahi mwenzenu! Miaka kumi na moja, leo mdogo wake amekumbuka kwamba ana gari, na anataka lishuke vigogoni. Akalishusha. Akarudisha magurudumu, akajaza upepo, akaliosha, akasugua taa kwa majivu mpaka zikaangaza kama macho ya mtoto aliyetoka kuoga. Jumamosi akafagia uwanja, akavaa ovaroli iliyopigwa pasi.

Bosi akaja na wenzake wawili. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa chama, mzee mtaratibu wa shati jeupe. Mwingine walimwita Miwani, na miwani yenyewe ya giza hakuivua hata alipoingia chini ya bati. Nyuma yao aliteremka Bi Kwanini, mwenye likizo ya shule na begi lake mgongoni.

Bosi akasimama. Akaliangalia gari. Akamwangalia dada yake.

"Dada, nilikwambia ulishushe!"

"Si nimelishusha? Au unaliona linaelea?"

"Kushusha, Dada! Kushusha! Liwe chini!"

"Lilikuwa juu ya vigogo, sasa liko chini. Chini ya hapo ni kaburini."

Miwani alicheka mpaka akashika ukuta. "Bosi, wewe ulituambia una fundi. Kumbe una mwosha magari!"

Hapo ndipo Bosi angeweza kusema neno moja tu, na mambo yote yangekuwa mengine. Angesema, "Huyu ndiye fundi mwenyewe." Lakini aibu ilimshinda. Akacheka pamoja na Miwani, akasema, "Ah, huyu ni dada yangu tu, ananitunzia uwanja. Fundi alikuwa mzee, Mungu amrehemu. Springi hizi unazoziona zote saba ni mkono wake. Cha mwisho alikifua na homa."

Ananitunzia uwanja! Uwanja ambao kodi, bati na geti ni vyake yeye! Dada alihisi masikio yakimwaka moto. Bi Kwanini aliyekuwa amesimama karibu aliona ile chaki sikioni ikitetemeka.

"Wala msijali," Bosi akaendelea, anawaambia wageni, si dada. "Jumatatu nalipeleka kwa fundi Moto. Pale ni nusu saa. Anachoma springi kwa gesi, zinalegea, gari linakaa lenyewe."

"Anafanya nini?"

"Anazichoma, Dada. Kidogo tu."

"Kidogo tu?"

Fundi Springi hakupiga kelele. Alikwenda pembeni, kwenye rundo la chuma cha kutupwa, akarudi na kipande kilichovunjika katikati, mahali kilipovunjikia pana rangi ya buluu na zambarau kama shavu lililopigwa ngumi.

"Hiki kimetoka kwa Moto. Kimechomwa kidogo tu. Kilikuwa chini ya gari la kubeba watoto wa shule. Bahati yao lilikuwa limesimama linapakia." Akakiachia juu ya fuawe. *Kwap.* "Umesikia? Springi kazi yake ni moja, kurudi. Unaikandamiza, inarudi. Ukiichoma hapo katikati, imesahau kurudi. Inalala, ndiyo, inalala vizuri sana. Siku moja inalala moja kwa moja, na wewe na mwanao mko ndani."

Miwani aliacha kucheka. Mwenyekiti alikuwa amekiokota kile kipande, anakigeuza.

"Basi sasa?" akasema Bosi. "Maonyesho ni Jumamosi ijayo. Nitakwenda na hili likiwa limechuchumia?"

"Nitalishusha mimi."

"Wewe?"

"Mimi, mtunza uwanja." Neno lile alilitamka kama anatema mbegu. "Ijumaa liko tayari. Ila springi za zamani zitakazotoka, zote ni zangu."

"Hivyo vyuma?" Bosi akacheka. "Vichukue, Dada. Mimi vya nini?"

"Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia," akasema mzee wa shati jeupe.

Bosi akaondoka, akamwacha mtoto. Dada akaanza kazi siku ileile, na kama mdomo ungekuwa nyundo, angemaliza Jumapili asubuhi. Alisema peke yake. Alisema na gari. "Eti ananitunzia. Wewe Mchuchumio ni shahidi, nani alikuwa anakuja kwako Jumapili? Alikuja yeye? Alikuja hata na kitambaa cha kufutia?" Alifungua bolti zilizoshika kutu kwa kuzipaka mafuta na kuzisubiri, wala hakukata hata moja. Alitoa springi kipande kwa kipande, akakipiga brashi kila kimoja, akakiandika kwa chaki, *kulia moja, kulia mbili*, mpaka *kushoto saba*, akavipaka grisi, akavifunga kwenye magunia na kuvitundika ukutani, juu kabisa.

Halafu akafua springi mpya. Angeweza kupunguza zile za zamani vipande vitatu akamaliza mambo; nani angejua? Badala yake alichukua vyuma vipya, akapima kwa shubiri na vidole kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, akapinda upinde mdogo, wa chini, mpana, kama nyusi ya mtu aliyetulia. Vipande vinne kulia, vinne kushoto. Kimoja kilitoa sauti isiyomridhisha, si *kwap*, ila si *ngaaa* yenyewe. Akakitupa akaanza upya. Akapima nafasi kati ya ekseli na chesisi ili visigongane kwenye mashimo, akatia raba nene hapo. Akahakikisha bomba la breki halivutwi. Wakati wote huo anafoka.

Ndipo mtoto, aliyekuwa anamtazama tangu asubuhi, macho yamemtoka, akauliza lile swali la mwanzo. Na ndipo akaambiwa asogee.

Ijumaa alasiri Mchuchumio alivua viatu. Alishuka kutoka kwenye jeki taratibu, akashuka, akashuka, akasimama sawasawa, pua na mkia usawa mmoja, bodi ya kijani imeinamia tairi. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, mteja wake nyuma na shuka shingoni. Lilikuwa limependeza, huo ndio ukweli, na hilo likamuudhi Fundi Springi kuliko yote. Akaandika kwa rangi nyeupe, herufi ndogo nadhifu, upande wa ndani wa mlango wa nyuma: SPRINGI HIZI NI ZA KUTEMBEA, SI ZA KUBEBA.

Maonyesho yalifanyika kwenye kiwanja cha mpira. Dada alikwenda na gauni lake la sherehe na mkoba wa mkononi, amemshika Bi Kwanini mkono. Watu walikuwa wamelizunguka lile gari la kijani, simu juu. Mbele ya kioo palibandikwa kadi ngumu yenye maelezo ya gari. Mtoto, ambaye wakati huo alikuwa hapiti maandishi yoyote bila kuyasoma kwa sauti, akayasoma:

"Mwenye gari, Bosi. Springi, kazi ya marehemu mzee. Kushusha, fundi mtaalamu." Akainua uso. "Shangazi, mtaalamu ndiye nani?"

Shangazi aliinama akaisoma kadi mwenyewe. Alikuwa anapumua kwa pua. Bosi alikuwa mita chache tu kutoka pale, anamweleza Mwenyekiti namna alivyosimamia kazi mwenyewe hatua kwa hatua.

"Mwenyekiti," akasema Fundi Springi, akaingia katikati yao, "naomba ulale chini."

"Nilale?"

"Gari limeshushwa mno, baba yangu. Ukitaka kumjua fundi, lazima ulale."

"Dada, siyo hapa," Bosi akasema kwa meno yaliyofungwa. "Watu wanaangalia."

"Waangalie. Si ndiyo maonyesho?"

Mwenyekiti, na hili linapaswa kukumbukwa kwa heshima yake, akaomba gazeti, akalitandaza, akalala na shati lake jeupe. Fundi Springi akainama na gauni lake la sherehe, akamwonesha kwa kidole: juzi, akifunga vipande, alikuwa amevunja mazoea yake. Vitobo vitatu safari hii havikuwa ndani. Vilikuwa nje, upande wa chini, kwenye kila kipande cha mwisho, vinaangalia ardhi.

"Vitobo vitatu," Mwenyekiti akatangaza kutoka mvunguni, kama mtu anayesoma matokeo.

"Sasa inuka utazame hapa."

Akafungua mkoba, akatoa patasi. Akaibandua ile kadi, akaiweka juu ya jiwe, akavua kiatu, na kwa kisigino akagonga mara tatu: *ta, ta, ta*. Vitobo vitatu kama macho ya nazi, juu ya neno *mtaalamu*. Akairudisha kadi mahali pake, akavaa kiatu.

"Basi," akasema. "Andikeni mnachotaka."

Watu walipiga makofi. Lakini msifikiri makofi yalimaliza jambo. Kadi ilitoboka mstari wa tatu tu; mstari wa pili, ule wa kazi ya marehemu mzee, ulibaki mzima. Bosi alipata zawadi ya tatu, akaichukua bila kumtazama mtu, na jioni ileile akalihamishia gari kwa rafiki mwenye geti la umeme. Tangu hapo alizungumza na dada yake kwenye misiba na harusi tu, na hapo ni "Mmefika?" na "Tumefika." Kwa watu alisema dada amemdhalilisha mbele ya kadamnasi. Dada aliyasikia. Kila mwaka alipanda ngazi, akashusha yale magunia, akavipaka vipande grisi mpya, akaandika upya chaki iliyofifia, akavitundika tena. Vipande kumi na vinne, na hana gari la kuvifunga. Kinyozi alimuuliza ni vya nani. "Vyangu," akasema, "muulize Mwenyekiti."

Miaka saba ikapita. Bi Kwanini akawa na miaka kumi na sita, bado maswali yako palepale. Ofisi ya Bosi ikafungwa, chama kikahamia mtindo mwingine, na Bosi, baada ya miezi ya kukaa nyumbani akiangalia dari, akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Duka lilitaka mtu mwenye pikapu ya kupelekea watu mizigo. Akajibu kwamba anayo.

Siku ya kwanza alipakia mifuko kumi ya saruji. Mchuchumio akakaa chini, tairi zikaanza kula bodi, moshi wa mpira ukatoka. Alilikokota gari tupu mpaka kwenye lile geti la mabati, binti yake pembeni kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Akateremka. Akaingia mwenyewe, bila mwenzake yeyote.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

"Dada... fundi yupo?"

Alilisema kwa mzaha, kuvunja ubaridi. Lakini Fundi Springi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akachungulia chini ya meza.

"Hapa kuna mtunza uwanja tu," akasema. "Labda urudi kesho."

Bosi akainamisha kichwa. Kinyozi alizima mashine yake ili asikie vizuri.

"Nipandishie gari, Dada. Ndiyo kazi yenyewe niliyoipata. Wakiona halibebi, kesho wanachukua mwingine."

"Kwa springi zipi?"

"Zile za mz..." Akaishia hapo, kwa sababu alikuwa ameinua macho ukutani na kuyaona magunia, chaki imeandikwa upya: *kulia moja, kulia mbili.*

Dada akapanda ngazi. Akashusha gunia moja, akalifungua, akampa kipande cha mwisho.

"Kiachie hapo."

Bosi, ambaye hakuwahi kubeba kitu, akakibeba kwa mikono miwili, akakiachia juu ya fuawe. *Ngaaa.* Sauti ikaenda mpaka kwa kinyozi, ikarudi.

"Kigeuze."

Akakigeuza. Akapitisha kidole. Vitobo vitatu, vimekaa ovyo kidogo, vya mkono ambao bado haujazoea.

"Hii ni alama yako," akasema polepole.

"Ya msumari. Patasi ilikuwa kwa mgonjwa."

"Lakini hiki ni cha saba. Mzee alisema..."

"Najua mzee alisema nini, nilikuwepo. Na wewe ulikuwa juu ya paa hapo unatafuna muwa. Miaka mingapi sasa? Nimemsikia mzee, nimewasikia wakubwa na viti vyao vya kuazima, nimekusikia wewe mbele ya wanaume wenye miwani. Mzee hayupo, siwezi kumdai neno. Wewe upo. Sema wewe."

Bosi alikilaza kipande juu ya fuawe taratibu. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

"Cha saba ulikifua wewe."

"Kinyozi hajasikia."

"Cha saba ulikifua wewe, Dada! Mwenyewe! Mzee alikuwa amelala!"

"Nimesikia!" kinyozi akajibu kutoka ng'ambo.

"Basi shika jeki," akasema Fundi Springi. "Na uvue hilo shati."

Walifanya kazi mpaka alasiri, Bosi akibeba vipande kumi na vinne kimoja kimoja, kila kimoja akisomewa kwa sauti kilivyoandikwa. Vilirudi mahali pake kama vimetoka jana. Mchuchumio akapanda, mkia juu, pua chini, akasimama kwa vidole vyake vya zamani. Bosi akajikalia juu ya tairi kuukuu, mikono imejaa malengelenge, anayaangalia kama ya mtu mwingine.

Shangazi alikuwa ananawa kwa sabuni ya unga, bado ana manung'uniko yake ya mwisho, kuhusu saruji, kuhusu watu wasiosoma maandishi ya mlangoni, wakati Bi Kwanini alipomwendea na taulo.

"Shangazi, kuna swali nilikuuliza zamani ukiwa chini ya hili gari, hukunijibu. Ulikuwa umekasirika kweli, unafoka. Na bado ulilitengeneza vizuri vile. Kwa nini?"

Shangazi akachukua taulo. Akajifuta kidole kimoja kimoja, akimtazama Bosi pale juu ya tairi.

"Niliyemkasirikia ni baba yako," akasema. "Springi ilinikosea nini?"